Mega 10 zinaganda: kisa cha foleni kwenye intaneti ya nyumbani Ilazo

Shangazi alinipigia saa 3 usiku, Jumatano, akiwa ametoka kikaoni kwa hasira. Anaishi Ilazo, hapa Dodoma. Alihamia pamoja na ofisi yake serikali ilipokuja huku, na tangu hapo vikao vyake vingi na wenzake walio mikoani hufanyika jioni kwa Zoom, akiwa mezani kwake nyumbani. Usiku huo alikuwa na taarifa ya kuwasilisha. Alipoanza kusoma wakamwambia anaganda. Akarudia. Wakamwambia sasa maneno yanakuja kwa mkupuo kama kanda inayokimbizwa. Mwishowe mwenyekiti akamwomba aiandike tu aitume kwenye grupu.

"Baba, kesho napitia kwa hawa watu wa intaneti niongeze kifurushi," akaniambia. "Mega 10 hazitoshi nyumba hii. Nichukue 20?"

Nikamwomba avumilie mpaka Jumamosi nije nipime kwanza. Kazi yangu ni mitandao, na nimeona watu wengi mno wakinunua mega kwa tatizo lisilotokana na mega.

Nyumba yenyewe iko hivi. Juu ya bati kuna dishi dogo linalotazama mnara, waya unashuka mpaka sebuleni, unaingia kwenye raota ya waifai. Kifurushi ni Mbps 10 za kushusha na Mbps 2 za kupandisha. Mbali na shangazi, yupo binamu yangu mkubwa anayepiga video za harusi na send-off, yupo mdogo wake ambaye maisha yake yote ni gemu la mpira kwenye kompyuta, kuna televisheni, na simu ambazo ukizihesabu pamoja na ya dada wa kazi zinafika sita. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Shangazi aliamini kampuni inawapunja mega. Binamu mkubwa alisema raota imechoka. Mdogo alisema ni upepo unatikisa dishi, na hilo sikulicheka. Anayeujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hawezi kulicheka.

Nilifika saa 4 asubuhi, watu wengi wakiwa nje. Nikachomeka kompyuta yangu kwa waya ili waifai isiingie kwenye mashtaka, nikapima spidi: 9.6 kushusha, 1.9 kupandisha. Kampuni haikuwa inampunja mtu. Nikapiga ping, yaani kutuma kipande kidogo cha data na kupima kinarudi baada ya muda gani, kwenda seva iliyoko Dar es Salaam, jibu likawa linarudi kwa milisekunde 21, 22, 21, 24. Kutoka hapa hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 450, na mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi peke yake inakula kama milisekunde 5. Zilizobaki ni za redio ya juu ya paa, ile iliyo kwenye dishi, na vifaa vya njiani. Laini ilikuwa nzima. Dishi lilikuwa limekazwa vizuri, mdogo nikamwambia upepo hauna kosa leo.

Basi nikamwita binamu mkubwa. Nikamuuliza Jumatano saa 3 alikuwa anafanya nini. Akafikiri kidogo, akasema alikuwa anamrushia bwana harusi mmoja video yake. Ukubwa? GB 3. Nikamwambia airushe tena, hiyo hiyo, huku tukitazama ping. Namba zilikwenda hivi, moja kila sekunde:

22, 24, 31, 190, 480, 860, 1210, 1390, 1404, 1398, 1401.

Zikakaa hapo hapo kwenye 1400. Nikamwambia asimamishe. Baada ya sekunde mbili hivi zikawa 23, 21, 22. Shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha chai. Hakuuliza ping ni nini, alimtazama tu mwanawe. Ilibidi nimwokoe kijana. Kurusha video ni kazi yake halali. Kosa lilikuwa la kifaa kilichozipokea paketi zake zote, yaani vipande vya data vya video hiyo, na kuzipanga mstarini bila kumkataza mtu.

Anayejua foleni ya maji bombani ataelewa upesi. Bomba ni moja na linajaza dumu moja kwa dakika. Anakuja mtu na mkokoteni wa madumu 20, anayapanga yote. Nyuma yake anafika mtoto aliyetumwa na kikombe. Kikombe kinajaa kwa sekunde mbili, lakini mtoto atasubiri dakika 20, kwa sababu foleni inahesabu nani kafika kwanza, haiangalii nani anataka kiasi gani. Sauti ya shangazi ndiyo kikombe. Mazungumzo ya mtandaoni hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20, na kila kimoja hakina uzito wowote wa kutisha. Video ya harusi ndiyo mkokoteni.

Tunaweza hata kuhesabu foleni hiyo ilikuwa na urefu gani. Laini inapandisha biti milioni 2 kwa sekunde. Ping iliongezeka kwa karibu sekunde 1.4. Zidisha: biti milioni 2.8, yaani baiti 350,000, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Paketi iliyojaa ina baiti 1,500, kwa hiyo mbele ya kila neno la shangazi zilikuwa zimekaa paketi kama 233 za keki, shangwe na vigelegele. Wahandisi wa simu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, katika pendekezo lao G.114, wanasema sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja watu hawaoni tabu, na ikipita 400 haifai. Shangazi alikuwa na karibu 1400 kwa foleni peke yake.

Kwa nini foleni inajaa mpaka pomoni na haiishii katikati? Kwa sababu itifaki ya TCP inayobeba mafaili, kwa namna yake ya kawaida, haina njia nyingine ya kujua upana wa njia. Inaongeza mwendo, inaongeza, mpaka paketi idondoke, ndipo inapunguza. Bafa, yaani kumbukumbu ya kifaa ambamo foleni hukaa, ikiwa kubwa, paketi haidondoki mpaka bafa yote ijae. Na ubaya wake unavuka upande wa pili. Anayeshusha lazima atume risiti ndogo kwenda juu kusema amepokea. Risiti hizo nazo zinakwama nyuma ya ile video. Ndiyo maana binamu akirusha kitu hata ukurasa wa kawaida haufunguki, wakati mega 10 za kushusha zimelala bure. Kila mtu nyumbani alikuwa anaona "intaneti imekatika", na ilikuwa haijakatika.

Ugonjwa huu una jina. Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys aliuona nyumbani kwake mwenyewe akipandisha mafaili, akauita bufferbloat. Mimi nauita bafa kuvimbiwa. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, ambaye kazi yake ya mwaka 1988 ndiyo iliyoifundisha TCP kupunguza mwendo njia inapoziba, walitoa dawa iitwayo CoDel. Haihesabu paketi ngapi zimo foleni. Inapima kila paketi imekaa muda gani. Foleni ikishindwa kushuka chini ya milisekunde 5 kwa muda wa milisekunde 100, inaanza kudondosha paketi moja moja ili watumaji wapunguze mwendo mapema. Mwaka huo huo ikaingia kwenye kerneli, yaani kiini, ya mfumo wa kompyuta wa Linux, toleo la 3.5, ikiwa imeunganishwa na ugawaji wa zamu, fq_codel, na mwaka 2018 Linux 4.19 ikapokea CAKE, inayojumlisha yote hayo na zaidi kwenye amri moja. Dave Täht, aliyezunguka dunia akipigia debe jambo hili na kuwakera watengeneza raota kwa zaidi ya muongo, alifariki mwaka 2025. Raota nyingi zinazouzwa madukani bado hazina kitu hicho, au zinacho kimezimwa.

Sasa rudi kwa wazo la shangazi la kununua mega 20. Tuseme kupandisha kungekuwa 4. Bafa ya juu ya paa ni ile ile, baiti 350,000. Ingemwagika kwa sekunde 0.7 badala ya 1.4. Video ya binamu ingemalizika mapema, naam, ila mpaka imalizike shangazi angeendelea kuganda. Angelipa zaidi kila mwezi ili asubiri nusu ya kusubiri kwake. Kikao hakivumilii hata hiyo nusu.

Dawa ilihitaji kifaa ninachoweza kukiamuru. Raota yao ya sebuleni haikuwa na nafasi ya hilo. Nilikuwa na kompyuta ya mezani niliyoitoa kwenye internet cafe moja iliyofungwa, nikaichomeka kadi ya pili ya mtandao, nikaiwekea Debian, aina mojawapo ya Linux. Upande mmoja unaingia waya wa dishini, upande wa pili raota ya zamani ikabaki kuwa waifai tu. Nikiri hapa: raota ndogo yenye OpenWrt, mfumo huria wa raota, ingefanya kazi hii kwa kubofya, kuna programu yake iitwayo SQM, na ingekula umeme kidogo. Mashine yangu inakula kama wati 30. Kwa saa 24 ni uniti 0.72, kwa mwezi uniti 21 na ushee za LUKU, na shangazi aliligundua hilo kabla sijamwambia. Nilitumia nilichokuwa nacho.

Jaribio la kwanza halikusaidia chochote, na ni kosa ninaloliona kwa mafundi wengi. Niliweka fq_codel kwenye kadi inayotazama dishi, nikapiga kifua, binamu akarusha video, ping ikapanda 1400 kama jana. Sababu ni kwamba kadi ile ni ya gigabiti moja. Kompyuta inapeleka paketi dishini kwa mwendo wa Mbps 1000, kwa hiyo kwake hakuna foleni kabisa, zinapita mbio, zinakwenda kurundikana kwenye redio ya juu ya paa ambayo ndiyo yenye mega 2. Nilikuwa nimeweka mgambo mzuri kwenye geti lisilo na watu. Foleni hukaa pale panapobana kuliko kote, na ukitaka kuitawala sharti upabane kwako kwanza, kidogo kuliko wanavyobana wao. Unajinyima sehemu ya mega zako ili foleni ihamie nyumbani kwako.

Kwa hiyo nikaamua 1.8 badala ya 2, nikaandika kwa tc, amri ya Linux ya kupanga foleni (enp2s0 ni jina la kadi inayotazama dishi):

tc qdisc replace dev enp2s0 root cake bandwidth 1800kbps

Ping ikapanda 1400. Hapo nilikunywa chai. Nilikagua waya, nikakagua kama paketi zinapita kadi ile kweli, nikaanza kuishuku hata kerneli. Baadaye nikaiuliza mashine yenyewe imeelewa nini, kwa tc -s qdisc show dev enp2s0, ikanijibu bandwidth 14400Kbit. Ukiandika kbps kwenye tc, yenyewe inasoma kilobaiti kwa sekunde. Nilikuwa nimeipa ruhusa mara nane ya niliyokusudia, yaani hakuna aliyebanwa. Biti huandikwa kbit. Nimefanya kazi hii miaka, nimeshaisoma hiyo kwenye mwongozo, na bado vidole viliandika kilichozoeleka kwenye matangazo ya vifurushi. Tangu siku hiyo sisogei mbele kabla sijasoma mashine imeelewa nini.

tc qdisc replace dev enp2s0 root cake bandwidth 1800kbit nat dual-srchost

Video ikarushwa. 22, 25, 33, 31, 36, 29, 34, 30. Tukaiacha dakika 10. Haikupita 38.

Namba hiyo haiwezi kurudi 22 kamili, na si kosa la mtu. Paketi moja iliyojaa, kwa mwendo wa 1.8, inachukua milisekunde 6.7 kutoka. Ikishaanza kutoka huwezi kuikata katikati. Mtoto wa kikombe atasubiri hilo dumu moja lijae. Ndiyo maana pia cake haitumii ile shabaha ya milisekunde 5 kwenye laini nyembamba kama hii, inaipandisha yenyewe mpaka karibu 10.

Maneno mawili ya mwisho kwenye amri ile yanastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo yaliyomaliza ugomvi wa watoto. Bila maneno hayo, kwenye nyumba kama hii cake hugawa zamu kwa kila mazungumzo: kila muunganisho unapata dumu lake moja, kisha wengine. Ni haki, mpaka utokee mjanja anayefungua miunganisho 30 kwa wakati mmoja. Programu ya binamu ya kurusha mafaili hufanya hivyo. Hapo anapata zamu 30 na mwenziwe zamu 1. Neno dual-srchost linasema gawa kwanza kwa kifaa, halafu ndani ya kifaa gawa kwa muunganisho. Ila kuna mtego: paketi zikitoka nje zimekwisha kuvaa anwani moja ya nyumba nzima, kwa hiyo cake inaona nyumba ina kifaa kimoja tu. Neno nat linaiambia ichungulie kwenye daftari la kerneli ijue nyuma ya anwani ile alikuwa nani hasa. Ukiliacha, lile la kwanza halina kazi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu bila nat mashine hailalamiki hata kidogo, inagawa vibaya kimya kimya.

Binamu alikuwa na hofu yake moja, na ilikuwa ya haki: je, video zitachelewa? Tukapiga hesabu mezani. GB 3 kwa mega 2 ni sekunde 12,000, saa 3 na dakika 20. Kwa 1.8 ni sekunde 13,333, saa 3 na dakika 42. Anapoteza dakika 22. Akikaa shangazi kikaoni anapoteza nyingine kidogo. Shangazi akitoka, cake inampa yote bila kuambiwa. Akasema sawa, mradi asifokewe tena.

Upande wa kushusha ni mgumu zaidi kwa sababu foleni yake iko mnarani, kwa kampuni, na paketi inayokufikia imeshapita kwenye foleni hiyo. Unachoweza ni kuidondosha hata baada ya kuilipia, ili aliyeituma huko mbali apunguze mwendo. Linux haipangi foleni ya vinavyoingia moja kwa moja, kwa hiyo unatengeneza kadi ya kubuni, unazielekeza paketi zote humo, unazibana humo:

ip link add ifb0 type ifb
ip link set ifb0 up
tc qdisc add dev enp2s0 handle ffff: ingress
tc filter add dev enp2s0 parent ffff: protocol all matchall action mirred egress redirect dev ifb0
tc qdisc replace dev ifb0 root cake bandwidth 9mbit nat dual-dsthost ingress

Ilifanya kazi mchana. Usiku ikashindwa. Kuanzia saa 2 mtaa mzima ukirudi nyumbani, zile 10 hushuka mpaka 7, siku nyingine 6 na kitu. Kizuizi changu cha 9 kikawa kipana kuliko njia, foleni ikarudi mnarani, na televisheni ikiwashwa ping inapanda 300. Nilikaa siku nne napima kabla sijakubali kwamba hakuna namba moja ya kutosha mchana na usiku. Nikaweka ratiba kwenye cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa saa zilizopangwa: usiku ibane hadi 6, alfajiri irudi 9, kwa tc qdisc change, ambayo haikati mazungumzo yaliyopo. Niliandika 19 kwa maana ya saa 1 usiku; cron haihesabu saa kama sisi, na ningeandika 1 ingewabana wakati wamelala fofofo. Shangazi akauliza kwa nini nampunguzia mega jioni wakati ndiyo anazihitaji. Nikamjibu kwamba jioni hazipo, mimi nakubali tu mapema.

Kwa anayetumia raota ya 4G yenye laini ya simu, njia hii ya ratiba itamchosha. Kule upana hubadilika sekunde kwa sekunde kufuatana na mnara na watu waliounganishwa nao. Ipo skripti iitwayo cake-autorate inayopima ping mfululizo na kusogeza kizuizi yenyewe. Hapa sikuihitaji, redio ya juu ya paa ina tabia inayotabirika.

Waifai nayo ilikuwa na dhambi yake ndogo. Chumbani kwa shangazi, nyuma ya kuta mbili za tofali za saruji, ping ya kwenda kwenye raota ya sebuleni tu ilikuwa inayumba kati ya 5 na 150. Hiyo cake haiigusi, iko upande wa ndani. Nikavuta waya mpaka koridoni, raota ikahamia juu ya mlango, ikaisha.

Halafu umeme ukakatika. Ilikuwa Jumapili, ukarudi baada ya saa mbili, na Jumatatu jioni shangazi akaganda tena. Amri za tc hufutika mashine ikizimwa. Ilipowaka ikawaka mtupu, na mimi nilikuwa nimeziandika kwa mkono nikasahau kuzihifadhi. Sasa zimo kwenye /etc/network/interfaces, kila moja na post-up yake, neno linaloiendesha amri kadi ikishawaka, na nimeongeza mstari unaosoma saa ya mashine ili ikiwaka usiku ianze na 6 moja kwa moja. Nilipomaliza nikachomoa waya wa umeme mwenyewe, mara tatu, shangazi akidhani nimechanganyikiwa.

Mdogo wa gemu ndiye hakuridhika. Kabla ya yote haya, kaka yake akirusha video yeye alikuwa hachezi kabisa. Sasa anacheza wakati wowote, lakini ping ya gemu inasoma 170 na anataka 20 kama anazoziona kwa wachezaji wa YouTube. Seva ya gemu lile iko Ulaya. Paketi zake zinashuka Dar, zinaingia kwenye nyaya za baharini, zinapanda kaskazini na kurudi njia hiyo hiyo, na hakuna amri ya tc inayofupisha bahari. Nilimwonyesha kwamba 170 yake haiyumbi tena, inasimama 168, 171, 169, na kwa gemu kutoyumba ni nusu ya mchezo. Akasema basi wailete seva Dodoma.

Nilipita tena wiki mbili baadaye kuangalia. Shangazi alikuwa ametoka kikaoni cha saa nzima, binamu alikuwa anarusha send-off tangu saa 11 jioni. Nikafungua takwimu za mashine, na kwa bahati mbaya shangazi akasoma kabla yangu: dropped 41206.

"Hizi ni nini, baba?"

"Paketi zilizotupwa, shangazi."

Akavua miwani. Elfu 41 zimetupwa kwenye nyumba yake, na mimi nasema mambo ni mazuri? Nikamweleza kwamba kila iliyotupwa imetumwa tena, hakuna video iliyopungua hata sekunde. Kutupwa ndiyo lugha ambayo watumaji wengi wa TCP wanaielewa wakiambiwa punguza. Na cake haitupi ovyo, inatupa kutoka kwenye rundo la aliyerundika.

"Na maneno yangu ya leo kikaoni yamo humo?"

Nikamwambia yeye hana rundo. Neno lake likifika linaondoka, halikai muda wa kutosha kuguswa. Akaitazama ile namba kidogo, akamtazama binamu aliyekuwa ameinamia kompyuta yake kimya.

"Kwa hiyo zote hizi ni zake?"

"Karibu zote, shangazi."

Akavaa miwani yake, akaenda kuangalia chakula.